Kuku Wenye Vitambaa Miguuni: Maisha ya Yunisi Elia Msengi (1966–2025)

Ndugu waombolezaji, majirani wa hapa Ulemo, wageni mliotoka mbali, na ninyi vijana mliopanda mlima kutoka Sekenke tangu alfajiri: wasifu huu umeandikwa kwa haraka, na tunayemzika leo asingeona vibaya. Hakupenda kazi ikae. Tangu Alhamisi nyumba hii haijatulia. Watu wanaingia na kutoka, simu zinaita, sufuria zinaazimwa kwa jirani, na kule nyuma, bandani, majogoo wanawika saa zisizo zao kwa sababu sauti waliyoizoea haisikiki. Kila anayepita karibu na banda hilo anasita, anachungulia, kisha anajiuliza kimoyomoyo swali lile lile. Kuku hawa wote wenye vitambaa miguuni ni wa nani sasa? Wataingia chunguni kwa ajili ya msiba, au watarudi kwa wenyewe?

Swali hilo halijibiki bila kuyasimulia maisha yake. Tusikilizane.

Marehemu Yunisi Elia Msengi alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa hapa Ulemo, wilaya ya Iramba, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Elia Msengi na Mama Dorika. Baba yake hakuwa na ng'ombe wengi wa kwake. Alifuga wa watu. Desturi hiyo wenyeji mnaijua: mtu anakukabidhi mnyama wake umchunge, maziwa unakunywa wewe, ndama ni wake. Mnyama akifa porini, mfugaji humchuna na kumpelekea mwenyewe ngozi, ili ajue kwamba ng'ombe wake hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri. Siku moja fahali alivunjika mguu korongoni akafa. Mzee Elia alimchuna, akaitupia ngozi begani ikiwa bado mbichi, akashika njia kwenda kwa mwenye mali. Yunisi, akiwa binti mdogo, alikuwa anatimua mbio nyuma yake huku inzi wakiwazingira wote wawili.

"Baba, si ungemwambia tu kwa mdomo?"

"Mdomo ni wangu," Mzee Elia akajibu bila kugeuka. "Ngozi ni yake."

Maneno hayo aliyarudia maisha yake yote. Watoto wake waliyachoka, kisha wakayazoea, na leo wangetoa chochote wayasikie tena.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1974, akamaliza darasa la saba mwaka 1980. Kalamu ya risasi ilikuwa haba wakati huo. Akipewa mpya, aliikata katikati kwa kisu cha mama yake, nusu moja akaandikia na nusu nyingine akaichomeka kwenye nyasi za paa. Wenzake wakambandika jina la Nusu. Wakati wa mitihani, walipokuwa wanahangaika kutafuta kalamu, walimwendea Nusu kwa adabu zote. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, ingawa alifaulu. Hilo lilimuuma, na hakulificha. Hata alipokuwa bibi wa wajukuu, akiona sare za sekondari zikipita barabarani, aliacha anachokifanya na kuzisindikiza kwa macho mpaka zipotee.

Tarehe 20 Septemba 1986 alifunga ndoa na Bwana Sostenes Kiula, fundi baiskeli, ambaye sote tunamwona pale mbele. Mzee wetu anapenda kusimulia kwamba wiki ya kwanza ya ndoa alinunua mche wa sabuni, akajiona bwana harusi wa kweli. Kesho yake asubuhi akakuta kipande kidogo kama kibiriti.

"Mke wangu, sabuni imeibiwa?"

"Haijaibiwa. Imelala. Hicho ulichokiona ndicho cha wiki hii."

"Nilioa mke," anasema Mzee Sostenes, "nikapewa na askari wa sabuni." Walijaliwa watoto watatu: Loyce, Rahel na Raymond.

Mwaka 2002 mvua ziligoma. Alizeti ilitoa vichwa vidogo kama vifungo vya koti. Yunisi alifunga sufuria mbili na mwiko ndani ya kanga, akashuka mlima kwenda Sekenke kwenye machimbo ya dhahabu. Alijenga kibanda cha miti na maturubai kando ya maduara, yale mashimo wanayoshuka wachimbaji wadogo, akaanza kupika ugali na maharage. Siku za katikati ya wiki alikuwa huko. Jumamosi alidandia lori kurudi nyumbani.

Huko aliona jambo lililomnyima raha. Kijana anashuka duarani siku nyingi, anakula vumbi, anatoka na dhahabu yake, anauza. Jioni hiyo ni mfalme. Siku chache baadaye mfalme huyo huyo amesimama mlangoni pa kibanda akiomba ugali wa mkopo. Yunisi hakuweza kuliangalia hilo kisha akarudi kukoroga sufuria kama kwamba hakuona. Hakuumbwa hivyo.

Wa kwanza kukutana na ulimi wake alikuwa Nathan, kijana wa Unyambwa, mrefu, mcheshi, aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya kibanda. Yumo humu leo, na ameruhusu asimuliwe.

"Mama, niandikie ugali leo."

"Siandiki. Sina daftari."

"Basi nikumbuke tu."

"Nakukumbuka vizuri sana. Juzi ulinipita hapa na redio begani, hata shikamoo hukunipa."

Vijana waliokuwa kwenye mabenchi wakaangua kicheko. Nathan akashika kifua kama mtu aliyechomwa mkuki.

"Shikamoo, mama. Tusameheane. Pesa ya mgodi ina pepo, haikai."

"Marahaba. Haina pepo, ina haraka tu. Kaa, kula. Lakini ukiuza tena, kabla hujafika kwenye pombe pitia hapa. Tununue mtetea mmoja."

"Kuku? Mimi natafuta gari, mama, wewe unanipa kuku?"

"Hilo gari lako linataga?"

Kicheko cha siku hiyo kilimfanya Nathan anunue mtetea kwa aibu zaidi kuliko kwa akili. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Yunisi aliichukua desturi ya baba yake ya kufuga ng'ombe wa watu, akaishusha hadi kwa kuku. Kuku wa mchimbaji alipandishwa mlima ndani ya tenga hadi hapa Ulemo, mbali na macho ya mwenyewe, kwa sababu, alisema, kuku wa mgodini haoni Jumapili. Mayai ya kula yalikuwa ya mfugaji, vifaranga vilikuwa vya mwenye kuku. Na ili wasichanganyike, kila mmoja alitakiwa kuleta kipande cha nguo yake mwenyewe iliyochakaa, kifungwe mguuni kwa kuku wake na kwa kila kizazi kitakachotoka kwake. Ndiyo maana bandani mnaona jezi, mnaona jinzi, mnaona shati la shule, mnaona hata kipande cha tai. "Nguo yako unaijua wewe," aliwaambia. "Hata nikifa kesho, utakuja utamtambua mwanao."

Kwa aliyekuwa anaanza hakuwa na masharti mazito. Anza na mmoja. Usimpe jina, maana mwenye jina huwezi kumuuza siku ya kumuuza. Usije kumtazama kila wiki. Ukimwona amenona utapata njaa. Ukiuza, uza ili ununue kingine kinachozaa: kuku wawe mbuzi, mbuzi awe ndama, au wawe bati, kwa kuwa nyumba inayovuja inazaa hasara. Ukikosa cha kununulia kuku, usinunue kuku; acha soda ya leo, na ya kesho, kisha uje. Hakuna aliyeambiwa asinywe kabisa au asicheke kabisa. Yeye mwenyewe alipenda soda ya tangawizi, ila chupa moja aliinywa siku mbili.

Na hapa lazima tuseme jambo, hata kama ni mbele ya jeneza. Wako watu wanaotuambia kila siku kwamba maskini hana cha kuweka akiba, kwa hiyo ale tu, anywe tu, kesho ina mwenyewe. Ni uongo, na ni uongo unaowanufaisha wanaotuuzia. Mwanamke huyu wa darasa la saba aliukataa kwa miaka zaidi ya ishirini, akiwa na tenga kichwani. Vijana wenzetu, tuukatae na sisi.

Hakuwa malaika. Septemba 2009 kuku waliinamisha vichwa. Wakaharisha kijani, shingo zikapinda, wakawa wanaanguka kama embe bivu. Kilikuwa kideri, na yeye hakuwa amechanja hata mmoja, kwa sababu chanjo ilikuwa ya kununua na aliona ni kutapanya. Alikuwa amewaambia watu wote waweke kila kitu chao kwenye kuku, hakumwambia yeyote aweke kidogo mahali pengine. Katika wiki moja banda lilinyamaza.

Wa kwanza kuja na shauri alikuwa shemeji yake, Mzee Simoni Kiula, kaka mkubwa wa Mzee Sostenes na kiongozi wa ukoo wetu, aliyekuwa akimtania siku zote kwamba anafuga matambara.

"Shemeji, hawa wanaosinzia bado wana uhai. Wapeleke mnadani leo. Nani atajua?"

"Wenyewe watajua."

"Wenyewe wako mgodini, shemeji."

"Ndiyo maana nitawafuata."

Alichokifanya hakuna aliyekitarajia. Alikata mguu mmoja wa kila kuku aliyekufa, ule wenye kitambaa, akaikausha miguu hiyo kwa chumvi na majivu juu ya moshi wa jikoni, akaijaza kwenye tenga. Mizoga ikafukiwa. Kisha akashuka mlima. Kuku hana ngozi ya kumpelekea mtu, alisema, kwa hiyo mguu wake ndio ngozi yake.

Vijana walipoliona tenga walishangilia wakidhani wameletewa supu. Akazunguka duara hadi duara, akawa anaita vitambaa: "Mwenye jinzi! Mwenye jezi ya kijani!" na kila aliyejitokeza akawekewa mkononi mguu mkavu wa kuku. Wengine walicheka. Nathan, ambaye vizazi vya mtetea wake vilikuwa vimejaa kona nzima ya banda, alivua miwani akautazama ule mguu.

"Mama, nilikupa kuku mzima, unaniletea kucha?"

"Wamekufa wote, mwanangu. Kideri."

"Umewala! Tapeli wewe! Unatulisha maharage huku unakula kuku wetu!"

Akautupa mguu kwenye kifusi. Watu wakazomea. Yunisi alipanda kile kifusi, akauokota, akaufuta kwa kanga, akaja kuuweka tena mbele yake.

"Huu ni wako. Ukitaka kuutupa, subiri nimalize kuondoka."

Siku zilizofuata aliivisha maharage yakabaki sufuriani. Aliwaza kufunga kibanda. Bwana Sostenes alimwambia arudi nyumbani, watu wa mgodini hawana shukrani. Akajibu kwamba hakwenda kutafuta shukrani, alikwenda kutafuta wateja, na wateja wamenuna tu. Kisha mchana mmoja Nathan akaingia, akakaa kwenye benchi, hakuagiza kitu. Mfukoni alikuwa na ule mguu.

"Mama, kwa nini uliuleta? Ungetuma tu mtu aseme wamekufa."

"Mdomo ni wangu. Mguu ni wako."

Nathan akaugeuza ule mguu kiganjani. "Nimeibiwa sana hapa," akasema. "Na mwenye duara, na rafiki, na ndugu wa damu. Wote waliniletea maneno tu." Akalivuta pindo la shati lake akalichana palepale. "Anza tena na mmoja."

Habari za miguu ile zilifika mbali, zikafika hadi kwa afisa mifugo wa kata wakati huo, Bibi Agripina, aliyepanda pikipiki hadi hapa nyumbani. Yunisi alitandika kitambaa kipya mezani akidhani mgeni anakuja kumpongeza.

"Mama Loyce, unajua ulichokifanya?" Bibi Agripina hakukaa hata kitini. "Umekibeba kideri kwenye tenga, ukakishusha mlima, ukakigawa mkono kwa mkono!"

"Nilipeleka ushahidi."

"Ushahidi wenye ugonjwa! Uaminifu ni mzuri, mama, lakini miguu hiyo ungeichoma. Siku nyingine peleka kitambaa peke yake, kilichochemshwa."

Yunisi alinuna siku nzima. Kesho yake akachukua baiskeli, akamfuata Bibi Agripina ofisini akaomba afundishwe kuchanja. Tangu hapo kila baada ya miezi mitatu alizunguka kaya hadi kaya na kichupa chake, tone moja kwenye jicho la kila kuku, na hakuna aliyemkimbia. Somo lake kwa wanaoanza nalo likabadilika: chanja kwanza, hesabu baadaye, na kuku wakishakuwa wengi, nusu igeuke kitu kingine, iwe mbuzi au magunia ya alizeti ghalani. Aliwaambia waziwazi kwamba zamani aliwafundisha vibaya.

Matunda yake yapo hapa, yamevaa suti na kanga. Nathan ana nyumba ya bati Unyambwa na zizi la mbuzi. Wapo waliolipia mahari, waliochimba kisima, waliofungua karakana. Kitindamimba wake, Raymond, alimaliza chuo mwaka 2023 kwa karo iliyotoka kwa mbuzi waliotoka kwa kuku, na siku ya mahafali alimnunulia mama yake viatu vyeusi vya ngozi. Akavipokea, akavinusa, akavifungia sandukuni.

"Mama, vaa basi."

"Nitavaa kwenye harusi yako."

"Na nisipooa?"

"Basi vitadumu sana."

Watu walicheka. Leo hakuna anayecheka, na hapa wasifu huu hautamsifu. Aliendelea kuvaa kandambili zilizoshonwa kwa waya, soli zake zimelika hadi unaweza kusoma gazeti kwa upande wa pili. Januari mwaka huu, akiwa bandani, msumari ulipenya kandambili hiyo ukaingia mguuni. Alikuwa na kisukari tangu 2019, lakini siku za kliniki alikuwa akizihesabia nauli na kuona ni heri apeleke chanjo. Kidonda alikiosha kwa maji ya chumvi. Akakifunga kitambaa. Akaendelea kutembea. Kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba ni mkwaruzo. Aliyewafundisha watu kutunza kila kitu chenye uhai aliusahau mwili wake mwenyewe, akauhesabu kama kitu kisicho na gharama. Mama, hapo ulikosea, na tunakuambia kwa upendo na kwa hasira. Ninyi mnaotaka kumuiga, igeni tenga lake. Msiige kandambili zake.

Aprili binti yake Loyce alimpakia kwenye gari kwa nguvu hadi hospitali ya rufaa Singida. Madaktari walijitahidi sana, lakini tulichelewa. Tarehe 6 Mei mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Alipozinduka, Loyce alikuwa analia pembeni ya kitanda.

"Unalia nini?"

"Mguu, mama."

Alitazama shuka pale lilipolala bapa. Kisha akatabasamu, lile tabasamu lake la upande mmoja.

"Umetangulia kwa Mwenyewe. Akiuona atajua mnyama wake hakuliwa."

Hata akiwa kitandani hakutulia. Alimfundisha mgonjwa wa kitanda cha jirani kuanza na mtetea mmoja. Aliuliza kila siku kama kuku wamechanjwa, na kila siku alisema akitoka atashuka Sekenke, kwani mkongojo nao ni mguu. Sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia damuni. Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Amevishwa kiatu kimoja cha ngozi. Cha pili kimewekwa pembeni yake.

Sasa turudi kwenye banda.

Jana asubuhi kikao cha ukoo kiliketi. Mzee Simoni, kwa mamlaka ya ukubwa wake, alitamka kwamba wageni ni wengi na msiba wa mke wa mdogo wake hauwezi kuliwa mlenda. Kuku wote wachinjwe. Raymond alisimama akasema si wa marehemu, ni wa watu, na kuwachinja ni wizi. Alisema kwa sauti kubwa kuliko inavyompasa mtoto.

"Kaa chini, msomi," Mzee Simoni akamwambia. "Chuo hakizikani na watu. Kuku aliyefia kwake ni wake, kuku aliye bandani kwake ni wake. Visu vinolewe."

Wazee wakaitikia. Visu vikanolewa. Mzee Sostenes alitazama chini, hakuweza kubishana na kaka yake mbele ya msiba. Na simu zikawa zinaingia kutoka mgodini, vijana wakiuliza kama ni kweli.

Alasiri Loyce alikwenda bandani kuwapa maji. Akamkuta Mzee Simoni anatoka kwa mlango wa nyuma, amebana kitu ndani ya koti lake la kahawia, lile analolivaa jua liwake au mvua inyeshe. Koti likatoa sauti ya kuku.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mama."

"Huyo unampeleka wapi?"

"Nyumbani. Huyu hahusiki."

"Kwa nini hahusiki?"

"Huyu ni wangu."

Loyce akamtazama yule kuku. Alikuwa koo mnene mwenye kitambaa laini cha rangi ya damu ya mzee mguuni. Kwa miaka miwili alikuwa akimuuliza mama yake kuku wa kitambaa hicho na watoto wake ni wa nani, na mama yake alijibu kila mara, "Ni wa mtu."

"Umejuaje kwamba ni wako, baba mkubwa?"

"Si kitambaa hiki hapa?" Mzee akafungua koti kwa hasira, na ndani, kwenye bitana ya rangi ile ile, ambayo hakuna aliyewahi kuiona, palikuwa na tundu lililokatwa kwa mkasi. "Nilikata hapa mwenyewe. Mama yako alinipokea, na akanitunzia siri, maana mngenicheka. Huyu ni wangu!"

"Sawa, baba mkubwa," Loyce akasema taratibu. "Ni wako. Na hawa wengine nao wana vitambaa."

Mzee Simoni alisimama pale mlangoni mwa banda, kuku mkononi, visu vinasikika vikinolewa upande wa pili wa nyumba. Alitazama jezi, akatazama jinzi, akatazama mashati ya shule. Kisha akamrudisha koo wake ndani, akafunga komeo, akatembea hadi kwa wanoa visu.

"Acheni," akasema. "Tutakula maharage. Atakayeuliza nyama iko wapi, aje aniulize mimi."

Raymond alipomwomba ruhusa ya kusoma jambo hili mbele yenu, alifikiri, akajibu: "Soma lote. Wakicheka, wacheke. Mfugaji akifa, wanyama hurudishwa kwa wenyewe mbele ya shahidi. Shahidi ni mimi."

Marehemu ameacha mume, Bwana Sostenes Kiula, watoto watatu, Loyce, Rahel na Raymond, wajukuu sita, dada mmoja, Klara, na shemeji zake wakiongozwa na Mzee Simoni. Kuku ameacha wawili tu, wenye vipande vya kanga yake, nao atabaki nao mume wake. Wengine wote hakuwaacha, kwa sababu hawakuwa wake. Baada ya udongo wa mwisho Mzee Simoni atasimama mlangoni mwa banda akiwa na koti lake. Kila mmoja aje na kumbukumbu ya nguo yake, aonyeshe kitambaa chake, ampokee wake akiwa hai. Anayetaka aendelee kufugiwa hapa atamwona Loyce. Na asiye na kuku, aje hata hivyo, aulize jinsi ya kuanza.

Mama, umefika kwa Mwenyewe na mguu umekutangulia. Tua tenga sasa. Pumzika kwa amani, hata kama hujazoea kupumzika.